Faili Likipotea, Nani Atalia?

Ukiingia kwenye ruta yenye OpenWrt ukaorodhesha vilivyomo kwenye mzizi wa mfumo, utakutana na mstari ambao wengi huupita bila kuusoma: /var si folda, ni kiungo kinachoelekea /tmp. Na /tmp ya ruta hiyo ni RAM tupu. Mahali ambapo programu nyingi za Linux huamini kuwa ni pa kudumu, hapo panaishi kwa umeme. Umeme ukikatika, vyote vilivyoandikwa humo vimekwenda. Waliotengeneza OpenWrt hawakufanya hivyo kwa uzembe. Flashi ya ndani ya ruta za bei ya chini ni ndogo, mara nyingi megabaiti 8 au 16, na kila kipande chake hustahimili kufutwa na kuandikwa upya kiasi cha mara 100,000 hivi kabla hakijaanza kuchoka. Programu zinazoandika logi kutwa kucha zingeiua mapema. Wakaona bora maandishi hayo yote yaende kwenye RAM, na anayetaka kitu chake kidumu aseme mwenyewe.

Ila ili useme, programu lazima iwe na masikio.

Mimi ni mmoja wa watunzaji wa programu huria ndogo ya kuuzia vocha za Wi-Fi. Kazi yake ni rahisi kueleza: mteja anawasha simu, ukurasa wa kumkaribisha unatokea, anaingiza namba iliyo kwenye kikaratasi, programu inahesabu muda wake mpaka uishe. Mwanzilishi wa mradi aliiandika kwa lugha ya C akiwa na seva ya Debian mbele yake, na njia ya /var/lib akaiandika moja kwa moja ndani ya msimbo, mahali kadhaa. Kwa Debian hakukosea hata kidogo. FHS, ule mwongozo wa mpangilio wa mafaili ya Linux ambao mizizi yake ni ya mwaka 1994, unaagiza hivyo hivyo: hali ya programu inayotakiwa kuishi baada ya mashine kuzimwa ikae /var/lib. Kisha watu wakaanza kuiweka kwenye ruta.

Simu ilitoka Korogwe, kwa fundi kijana aliyefunga mtandao wa vocha kwenye duka la vifaa vya simu.

“Kaka, shikamoo.”

“Marahaba. Za Korogwe?”

“Salama, ila huku nina kesi. Vocha zote zimeyeyuka.”

“Umeme ulikatika?”

“Ulikatika usiku, ukarudi alfajiri. Sasa hivi watu wamejaa dukani, kila mtu na kikaratasi chake mkononi, mashine inasema namba haijulikani. Kuna mama alinunua ya mwezi mzima jana jioni.” Akanyamaza kidogo, kisha akasema kitu ambacho ndicho kilichobadilisha mradi: “Si mngeniachia mimi niseme pa kuziweka? Nina flashi ya USB nimeichomeka kwenye ruta hii hii, gigabaiti 16, haina kitu.”

Katika ruta hiyo hiyo, usiku huo huo, lilipotea faili lingine ambalo hakuna aliyeliulizia. Dnsmasq, programu inayogawa anwani za IP kwenye OpenWrt, huweka orodha ya anwani ilizogawa kwenye /tmp/dhcp.leases. Nalo lilikwenda na umeme. Hakuna mteja aliyekuja dukani kudai anwani yake. Simu ziliomba upya, zikapewa, maisha yakaendelea. Simon Kelley, aliyeandika dnsmasq, aliacha chaguo la dhcp-leasefile ili kila anayeifunga aamue mwenyewe faili hilo likae wapi. Debian wakaliweka chini ya /var/lib/misc, OpenWrt wakaliweka kwenye RAM, na wote wawili wako sahihi kwa mashine zao.

Nilipoweka mafaili hayo mawili sambamba nikaona kuwa tulikuwa tunajadili jambo lisilo lenyewe. Kwenye orodha ya maombi ya mradi swali lilikuwa “faili likae wapi”. Hilo halina jibu moja, na mwandishi wa programu si mtu wa kulijibu, kwa sababu haijui mashine itakayoiendesha. Anachokijua yeye, na pengine ni yeye peke yake anayekijua vizuri, ni hiki: faili hili likipotea, nani atalia?

Kiraka cha kwanza kilichotufikia kilikuwa cha mchangiaji mwenye bidii. Alipita kwenye msimbo wote, kila alipokuta njia ya faili akaitoa na kuiwekea chaguo lake kwenye faili la mipangilio. Njia ya hifadhidata ya vocha, njia ya logi ya malipo, njia ya logi ya makosa, njia ya soketi, njia ya faili la namba ya mchakato, njia ya picha ya nembo. Yakawa machaguo zaidi ya kumi. Ilikuwa kazi safi, na niliikataa. Alikasirika, na haki yake kukasirika, kwa maana kila mtu alikuwa akiimba kwamba njia zote ziwe huru.

Sababu ya kwanza ilikuwa ya kiufundi. Vocha zetu zilikaa kwenye hifadhidata ya SQLite, na SQLite haina faili moja. Inapoandika, huunda pembeni faili la jarida lenye jina lile lile likiongezwa -journal, au katika hali yake nyingine mafaili mawili, -wal na -shm. Hayo lazima yakae folda moja na hifadhidata. Ukiyatenganisha mashine ikazimika katikati ya kazi, hifadhidata haina cha kujitibu nacho. Ndiyo maana SQLite hudai ruhusa ya kuandika kwenye folda, si kwenye faili peke yake. Fundi anayetoa ruhusa ya faili akasahau folda huambiwa kwamba hifadhidata haifunguki, huku anaiona kwa macho yake ipo. Mtu akishaambiwa “hii ni njia ya faili”, atafikiri faili. Kinachopaswa kupangwa ni folda.

Sababu ya pili ni kwamba machaguo kumi si uhuru kwa mtu wa Korogwe. Ni mtihani. Atabadilisha mawili anayoyaelewa, manane yatabaki kwenye RAM, na siku umeme ukikatika atapiga simu ileile. Kuna aina ya ukarimu katika programu huria ambayo mimi huiona kuwa ni kukwepa kazi: mwandishi hataki kuamua, basi anamrundikia mtumiaji maamuzi na kuyaita machaguo.

Mfano uliotusaidia kutoka hapo ulikuwa wa BIND, seva ya DNS, jinsi Debian na Ubuntu wanavyoipanga. Faili la zoni ni faili la zoni. Ukilifungua, umbo ni lile lile. Lakini zoni uliyoiandika kwa mkono wako hukaa /etc/bind, na BIND haitakiwi kuigusa. Zoni ambayo BIND yenyewe huibadilisha mashine zinapojiandikisha hukaa /var/lib/bind pamoja na jarida lake. Zoni iliyonakiliwa kutoka seva kuu hukaa /var/cache/bind, kwa kuwa ikifutika itanakiliwa tena. Kwenye Ubuntu mgawanyo huo unalindwa na AppArmor: weka zoni inayobadilika ndani ya /etc/bind uone, BIND itashindwa kuunda jarida hata kama ruhusa za kawaida umezitoa zote. Wenyeji wa folda hizo tatu wamegawanywa kwa mambo mawili tu, nani anaandika na nini kinatokea yakipotea.

Nikakaa na orodha ya mafaili yetu nikauliza swali la Korogwe kwa kila moja. Faili la mipangilio: likipotea analia fundi, na huliandika yeye, programu inalisoma tu. Hifadhidata ya vocha: analia kila aliyenunua. Picha za ukurasa wa mapokezi zilizopunguzwa ukubwa: hakuna anayelia, zinatengenezwa upya. Logi: analia mwenye duka mwisho wa mwezi, akitaka kulinganisha mauzo. Soketi na faili la namba ya mchakato: yakibaki baada ya mashine kuzimwa ndipo mtu analia, maana programu itadhani mwenzake bado yuko kazini. Zikatoka folda tano, na tukakataa ya sita: mipangilio, hali, kache, logi, na vya muda wa uhai wa mchakato. Si uvumbuzi wetu. FHS inazo zote, ile /run ikaingia rasmi katika toleo la 3.0 la mwaka 2015, na systemd, meneja wa huduma kwenye Linux nyingi, tangu 2017 ina maagizo ya kuunda kila moja kwa jina lake, StateDirectory, CacheDirectory na wenzake. Tulifika palepale kwa kupitia njia ya vumbi.

Moja lilikataa kukaa kwenye folda yoyote: muda ambao mteja ameshautumia. Likipotea, mteja anacheka. Analia mwenye duka, ambaye atatoa saa tatu bure kila umeme ukikatika, na kwa umeme wa baadhi ya wilaya zetu hiyo ni hasara ya kuhesabika. Lakini kuliandika kwenye flashi ya ndani kila dakika, kwa kila mteja, ni kuichimbia ruta kaburi. Hapo nilijifunza kuwa mahali na kasi ya kuandika ni jambo moja. Ukimruhusu mtu achague pa kuweka data, umemruhusu achague aina ya kifaa, na kila kifaa kina pumzi yake. Tukaongeza chaguo la pili kando ya folda ya hali: muda wa kusubiri kati ya kuandika na kuandika. Mosquitto, seva ya ujumbe wa MQTT, inacho kitu cha jinsi hiyo; persistence_location inasema wapi, autosave_interval inasema kila baada ya sekunde ngapi, na kisipoguswa ni 1800. Fundi wa Korogwe aliweka dakika kumi kwenye USB yake. Mwenye seva ya Debian yenye diski ya SSD aliweka sekunde tano, na hakuna aliyepata shida.

Baada ya kukubaliana juu ya folda, kikaja kipande ambacho watu wa programu huria hukichanganya sana, yaani nani hasa anapanga. Kuna wapangaji wawili, na hawapangi wakati mmoja. Wa kwanza ni mtengeneza vifurushi, yule anayechukua msimbo na kuufanya kifurushi cha Debian au cha OpenWrt. Yeye hupanga kabla programu haijawa programu. David MacKenzie alipoanza Autoconf mwaka 1991 ilikuwa ni kumrahisishia kazi mtu kama huyo: anapoendesha configure anataja --prefix, --sysconfdir na --localstatedir, na njia hizo zinashonwa ndani ya programu kama chaguo-msingi. Asipotaja, kila kitu kinakwenda chini ya /usr/local. Debian hutaja /usr, /etc na /var, na mambo yanakaa yanapotarajiwa. Wa pili ni mwenye mashine, anayepanga kwa faili la mipangilio au mstari wa amri wakati programu inawashwa.

Ukimhudumia wa kwanza peke yake, fundi itabidi akusanye msimbo upya ili ahamishe vocha kwenda kwenye USB. Hatafanya hivyo. Ukimhudumia wa pili peke yake, kila mtengeneza vifurushi atalazimika kubeba viraka vyake vya kurekebisha msimbo, na viraka hivyo vitapitwa na wakati kila ukitoa toleo jipya. FreeRADIUS, seva ya kuthibitisha watumiaji ambayo watoa huduma wengi wadogo wa intaneti wa kwetu wameiweka nyuma ya ruta zao, inawaridhisha wote wawili kwa namna niliyoipenda na kuiiga: juu kabisa ya radiusd.conf zimeandikwa prefix, sysconfdir, localstatedir, logdir, raddbdir, zikiwa zimejazwa wakati wa kukusanya msimbo, na kila njia inayofuata chini inazitaja kama vigezo. Mtengeneza vifurushi hujaza juu, mwenye mashine hubadilisha mstari mmoja na vyote vilivyo chini yake vinafuata.

Aliyetulazimisha kufanya hivyo sawasawa hakuwa mtu wa Linux. Alikuwa msimamizi wa mtandao huko Kampala, mmoja wa kizazi kilichopita kwenye warsha za mitandao za AfNOG, ambazo kwa miaka mingi zilifundishia FreeBSD. Kwake mipangilio ya programu iliyoongezwa hukaa /usr/local/etc na hifadhidata hukaa /var/db. Aliandika kwa upole kwamba programu yetu inaunda folda ya /etc ambayo mfumo wake hauitaki. Tungeweza kumwambia atumie Linux. Lakini mgeni hafiki kwa watu akaamua kitanda kikae wapi, na programu yako kwenye mashine ya mtu ni mgeni, hata kama yeye ndiye aliyeialika.

Sasa niseme yale yanayokuja baada ya kufungua mlango, kwa maana hayo ndiyo yaliyokula muda kuliko msimbo wenyewe.

Mtu akiruhusiwa kuandika njia, ataandika njia isiyoanzia kwenye mzizi. Ataandika “data/vocha”. Data ya wapi? Programu ya mtandao inapojitenga na skrini kwa kawaida huhamia kwenye mzizi wa mfumo, ili isizuie diski yoyote kutolewa. Basi “data/vocha” iliyofanya kazi vizuri wakati wa majaribio, fundi akiwa ndani ya folda yake, inageuka kuwa /data/vocha siku anapoiwasha kama huduma. Tukaamua kuikataa kabisa njia ya namna hiyo. Programu inagoma kuwaka, inataja mstari wa ngapi wa faili la mipangilio una tatizo, na inasema inataka njia inayoanza na mkwaju.

Kibaya kuliko hicho ni alama ya wimbi. Kwenye skrini ya amri, ~ maana yake ni folda yako ya nyumbani, lakini anayeitafsiri ni ganda la amri, si mfumo endeshi. Ikiandikwa kwenye faili la mipangilio, programu ya C inaiona kama herufi nyingine yoyote. Mtumiaji mmoja aliandika ~/vocha, na toleo letu la zamani likamtengenezea kwa utiifu folda inayoitwa ~. Aliiona, akaiona chafu, akataka kuifuta. Msomaji aliyekaa na Linux ameshajua ninakoelekea: ukiandika rm -rf ~ bila kuizungushia alama za nukuu, ganda la amri linaitafsiri, na kinachofutwa ni nyumba yako yote. Alituandikia kabla hajabonyeza, na sijui ni malaika gani aliyemshika mkono. Tangu hapo programu yetu inaikataa alama hiyo mwanzoni mwa njia, na mstari wa maelezo ya kukataa huko ni mrefu kuliko mistari mingine yote.

Kesi iliyonifundisha zaidi ilitoka shule moja ya sekondari. Mwalimu wa kompyuta alikuwa na kompyuta ndogo yenye kadi ya SD na diski ya nje ya USB. Kwenye diski hiyo aliweka Kolibri, jukwaa huria la masomo linalofanya kazi bila intaneti, na masomo yake yalikuwa makubwa mno kwa kadi. Kolibri alishaihamisha bila shida: unaweka kigezo cha mazingira cha KOLIBRI_HOME, la sivyo hujiwekea folda ya .kolibri nyumbani kwa mtumiaji anayeiendesha, na kuna amri maalumu ya kuhamisha maudhui. Akataka na orodha yetu ya wanafunzi wanaoruhusiwa kwenye Wi-Fi ikae kwenye diski hiyo hiyo. Akaandika njia, ikakubali, mambo yakaenda muhula mzima.

Asubuhi moja diski ilichelewa kuamka. Programu yetu ikawaka kwanza, ikatafuta folda, haikuiona, na kwa kuwa ilikuwa na adabu ya kuunda folda isiyokuwepo, ikaiunda. Wapi? Palepale ambapo diski ingeunganishwa, yaani kwenye kadi ya SD. Ikaanzisha hifadhidata mpya, tupu. Muda mfupi baadaye diski ikaunganishwa juu yake, na folda ile ikafunikwa. Programu iliendelea kuandika kwenye faili lililofunguliwa, ambalo sasa hakuna mtu angeweza kuliona kwa ls. Mwalimu aliona faili lake la zamani lipo, salama, na programu inasema hakuna mwanafunzi hata mmoja. Nilipompigia alikuwa ametulia kuliko mimi. “Mwalimu,” nikamwambia, “zima huduma, uiwashe tena.” Akafanya, wanafunzi wakarudi. “Sasa,” akaniuliza, “na wale niliowaandikisha leo asubuhi wako wapi?” Wako chini ya diski, mwalimu. Tuliing’oa diski, tukawakuta.

Systemd ina agizo la RequiresMountsFor linaloifanya huduma isubiri diski, na kwa wenye systemd tuliliandika kwenye maelekezo. OpenWrt haina systemd. Dawa iliyofaa kote ilikuwa kuiondolea programu ile adabu yake. Sasa haiundi folda ya hali inapowaka. Kuna amri ya pembeni, ya kuandaa, ambayo mtu huiendesha mara moja kwa mkono; ndiyo inayounda folda, kuweka ruhusa, na kuacha humo kifaili kidogo cha alama. Ikiwaka isione alama, inakataa na kusema: folda hii haijaandaliwa, au diski yake haijaunganishwa. Watumiaji wapya hulalamika kuwa ni hatua ya ziada. Ni ya ziada kweli, na nitaitetea.

Mengine nayapitia haraka. Ukiandika faili kwa usalama, unaandika kwanza la muda, kisha unalibadilisha jina likae mahali pa la zamani. Mabadiliko hayo ya jina hufanyika kwa mkupuo mmoja endapo mafaili yote mawili yako kwenye mfumo mmoja wa mafaili. Zamani faili letu la muda lilikuwa /tmp. Mara tu watu walipoanza kupeleka data kwenye diski nyingine, kosa la EXDEV likaanza kuonekana, na dawa ni kuweka faili la muda kwenye folda ile ile linakokwenda. Soketi nayo ina urefu wake: Linux hutoa baiti 108 kwa njia nzima ya soketi, BSD na macOS 104, na anayependa folda ndani ya folda ndani ya folda atazimaliza. Kuna aliyeweka folda ya hali kwenye NFS ili seva mbili zigawane vocha. SQLite katika hali ya WAL haifanyi kazi kwenye mfumo wa mafaili wa mtandao, na hilo tumeliandika wazi kwenye maelekezo.

Na kuna ombi moja ambalo jibu lake litabaki hapana: kuweka njia hizo kwenye ukurasa wa utawala wa kivinjari, ili mtu azibadilishe kwa simu. Programu hii kwenye ruta huendeshwa na root. Atakayelibahatisha neno la siri la ukurasa huo angeweza kuamuru logi iandikwe juu ya faili lolote la mfumo. Anayetaka kubadilisha njia aingie kwenye mashine yenyewe.

Kilichopunguza simu kuliko yote ni kitu kidogo, amri ya kuonyesha. Nimeiiga kwa wakubwa: named -V huchapisha njia chaguo-msingi ambazo BIND ilikusanywa nazo, na postconf ya Postfix hutaja kila kigezo na thamani yake. Yetu huchapisha folda tano, kila moja na chanzo chake: imetoka kwenye mstari wa amri, kwenye kigezo cha mazingira, kwenye faili la mipangilio, au ndiyo chaguo-msingi. Wa mbele humshinda wa nyuma kwa mpangilio huo huo. Kila folda huandikwa pia iko kwenye aina gani ya mfumo wa mafaili, na ikiwa folda ya hali iko kwenye RAM, onyo linatokea hapo hapo. Siku hizi mtu akipiga, sianzi na kuuliza umeme. Namwambia endesha amri, nisomee mstari wa pili.

Fundi wa Korogwe sasa ana maduka kadhaa, na amejifunza C kiasi cha kutuma viraka vyake mwenyewe. Cha karibuni kinataka folda ya hali iwe na njia mbili, moja kwenye USB na nyingine kwenye flashi ya ndani, ili mtu akiiba ile USB vocha zibaki. Nimemjibu kwamba hilo limeshatoka kwenye habari ya mahali na kuingia kwenye habari ya nakala, na kwamba hajasema ipi itaaminiwa siku USB ikirudishwa ikiwa nyuma kwa saa mbili. Anasema iaminiwe yenye vocha nyingi zilizotumika. Mwenzangu kwenye mradi anaona ana hoja. Kiraka bado kiko kwenye foleni.